Kusafiri kwa RV na Familia Marekani: Yanayopaswa Kumalizwa Kabla ya Kutoka Nyumbani

Kwa familia inayozungumza Kiswahili iliyoko Marekani, iwe ni ya Wakongo wa Kentucky, Wakenya wa Minnesota au Watanzania wa Texas, safari ya RV, yaani gari au trela lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ina mvuto ulio wazi, kwa sababu watoto wanne, wazazi na bibi yao wanaweza kwenda pamoja, kulala pamoja na kula ugali wao wa kila siku bila kulipia vyumba vitatu vya hoteli. Hata hivyo, RV ni gari na ni nyumba kwa wakati mmoja, na kila upande una masharti yake. Matatizo mengi yanayoharibu safari hizi hayazaliwi porini wala barabarani, bali yalikuwapo tayari uani, siku gari lilipokuwa linapakiwa: uzito uliopita kiasi, tairi lililozeeka, tangi lisilosafishwa, king'ora cha gesi kilichokwisha muda wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya gari likiwa bado limeegeshwa nyumbani, nayo yanamhusu aliyenunua RV iliyotumika sawa na aliyekodi kwa wiki moja.

Uzito

Hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Karibu na mlango wa RV pana kibandiko cha njano kinachotaja mzigo unaoruhusiwa. Kwenye trela linalovutwa, kibandiko hicho huhesabu mizigo peke yake, kwa kuwa hakuna mtu anayepaswa kupanda humo likiwa linatembea. Kwenye RV yenye injini yake, kikomo hicho kinajumlisha watu na mizigo pamoja, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Tuchukue mfano wa RV ambayo kibandiko chake kinaruhusu pauni 1,500, yaani takriban kilo 680. Familia ya watu sita wenye wastani wa pauni 150 kila mmoja imekwisha kula pauni 900. Maji nayo yana uzito wa pauni 8.3 kwa kila galoni, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijazwa huongeza pauni 332. Zinabaki pauni 268, sawa na kilo 122 hivi, na humo ndimo zinapaswa kuingia sufuria, unga, mchele, viti vya kukunja, mablanketi, nguo, jiko la kuchomea nyama, maji ya chupa na baiskeli za watoto. Mtu aliyezoea kufungasha kwa ajili ya sherehe ya ukoo atazimaliza kilo hizo kabla hajafika kwenye baiskeli. Dawa iliyo rahisi ni kusafiri na maji robo tangi tu, yanayotosha choo na kunawa njiani, kisha kujaza mtakapofika kambini.

Anayevuta trela ana hesabu ya pili. Muuzaji wa gari hupenda kutaja uwezo wa kuvuta, lakini kinachoisha mapema aghalabu si uwezo huo bali mzigo ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba, ulioandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Trela lililopakiwa vizuri huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya kifungio kilicho nyuma ya gari. Kwa trela la pauni 6,000 hizo ni kati ya pauni 600 na 900, na zote huhesabiwa kama mzigo wa gari, sawa na kama ungezipakia kwenye buti. Gari linaloruhusu pauni 1,400 likishabeba pauni 750 za trela hubakiwa na 650 kwa ajili ya dereva, abiria na kila kitu walicho nacho.

Wapo wanaojaribu kukwepa jambo hili kwa kupakia vitu vizito nyuma kabisa ya trela ili kifungio kipungukiwe na uzito. Ni kosa kubwa, kwa sababu trela lenye uzito mdogo mbele huanza kuyumba kushoto na kulia katika mwendo wa kasi, hasa lori linapolipita. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo. Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uelekee mbele bila kuupigapiga huku na huku, na kama gari lina kidhibiti cha breki za trela, zibonyeze breki hizo peke yake kwa mkono. Kukanyaga breki za gari kwa ghafla huzidisha mtikisiko.

Vituo vikubwa vya mafuta vinavyohudumia malori vina mizani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kwa dola chache. Nenda ukapime siku moja kabla ya safari, familia ikiwa ndani na mizigo yote ikiwa imepakiwa. Namba utakayoipata pale haikisii wala haibembelezi.

Matairi

Matairi ya RV kwa kawaida huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa kuwa gari hukaa limeegeshwa miezi mingi juani. Tazama ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, utaona tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likishapita miaka mitano au sita lianze kutiliwa shaka na likaguliwe na fundi kila mwaka, hata kama linang'aa. Upepo ujazwe asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa la baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Matairi mengi ya trela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, ingawa yapo yanayoruhusu zaidi, kwa hiyo barabara inayoruhusu 75 isikushawishi.

Mahali pa kukaa watoto

Kiti cha gari cha mtoto hufungwa kwenye siti inayotazama mbele. Hakifungwi kwenye kochi la pembeni wala kwenye siti ya meza ya chakula inayotazama nyuma, hata kama siti hiyo ina mkanda, na katika RV nyingi siti zinazotazama mbele nyuma ya dereva ni mbili tu. Familia yenye watoto watatu wadogo ihesabu siti hizo kabla ya kutia saini mkataba wa kukodi, wala isikubali neno la jumla kwamba gari "linalala watu wanane", kwa sababu idadi ya vitanda na idadi ya siti salama ni mambo mawili tofauti. Katika mwendo mtoto asipande kitandani, asiende chooni, asifungue friji. Mkisimama kila baada ya saa mbili, haja hizo zote zina wakati wake.

Maji safi na maji taka

Tangi la maji safi lililokaa majira ya baridi lisitumiwe kabla ya kusafishwa kwa jiki, yaani klorini ya kufulia, isiyo na manukato. Kipimo cha kawaida ni robo kikombe kwa kila galoni 15 za ujazo wa tangi. Ichanganye kwanza na maji kwenye ndoo, imimine, jaza tangi, kisha fungua mabomba yote moja baada ya jingine hadi usikie harufu ya klorini katika kila bomba, bila kusahau bafu. Acha kwa saa 12, mwaga, halafu suuza kwa maji safi mpaka harufu iishe.

Mipira ya maji iwe miwili na isichanganywe kamwe: wa maji ya kunywa, ambao kwa kawaida ni mweupe au wa buluu, na wa kusuuzia upande wa maji taka. Ihifadhi katika visanduku tofauti. Kwenye bomba la kambi funga kwanza kipunguza msukumo, kwa kuwa kambi nyingine zina maji yenye nguvu ya kupasua viungo vya mabomba ya plastiki yaliyomo ndani ya kuta za RV, na uvujaji wa aina hiyo huonekana wakati sakafu imekwisha kulainika.

Sasa tuje kwenye choo, jambo ambalo watu huona haya kuliuliza na baadaye hulipa fundi kwa ajili yake. RV ina matangi mawili ya maji taka: moja la choo, jingine la sinki na bafu. Wageni wengi wa mambo haya, wakishaunganisha bomba kwenye shimo la kambi, huacha valvu ya choo wazi siku zote wakidhani kwamba kila kitu kitatiririka. Kinachotiririka ni maji peke yake. Kinyesi na karatasi hubaki chini ya tundu, hukauka na kuwa kichuguu kigumu kisichotoka tena kwa maji ya kawaida. Valvu ya choo ibaki imefungwa mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili, ili uzito wa maji usukume kila kitu kwa pamoja. Kila mkishamwaga, rudisheni galoni kadhaa za maji tangini pamoja na dawa yake kabla mtu hajatumia choo. Watoto wafundishwe kumwaga maji ya kutosha kila wanapokitumia, na karatasi iwe ile nyepesi inayoyeyuka haraka. Vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto visiingie humo hata kama pakiti inadai vinafaa kwa choo.

Wakati wa kumwaga, vaa glavu za mpira, funga bomba pande zote mbili na ulivute kidogo kuhakikisha limeshika. Fungua valvu ya choo kwanza, ngoja mlio wa maji uishe, uifunge, ndipo ufungue ile ya sinki na bafu, ambayo maji yake ya sabuni yataosha bomba njiani. Anayebadili mpangilio huo hubaki na bomba lililojaa uchafu mikononi. Kumwaga maji taka ya choo ardhini au kwenye mfereji wa mvua ni kinyume cha sheria, na kambi nyingi za serikali pamoja na baadhi ya vituo vya malori zina mahali maalumu pa kumwagia.

Umeme

RV ndogo nyingi hutumia plagi ya ampea 30, ambayo kwa volti 120 hutoa wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi huchukua wati 1,500 hivi, hita ya maji ya umeme karibu 1,400, na birika la chai 1,500. Vikiwashwa vyote pamoja breka, yaani swichi ya usalama ya umeme, itakata, na haikati kwa ubaya. Hapo mama mwenye nyumba atachagua: chai au ubaridi. Kabla ya kuchomeka, zima breka iliyoko kwenye nguzo ya kambi, weka kifaa cha kulinda na kupima umeme, kisha chomeka na uiwashe. Ukiwa nyumbani usiendeshe kiyoyozi kwa waya mwembamba wa kurefushia umeme, kwa sababu waya hupata moto na plagi huyeyuka.

Gesi, na jiko la mkaa

Watu wetu hupenda mkaa, na nyama ya mkaa haina mshindani. Lakini jiko la mkaa, hata lililobaki na makaa mekundu machache yasiyotoa moshi, lisiingizwe ndani ya RV wala ndani ya hema kwa sababu yoyote, iwe mvua au baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba cha RV ni kidogo mno hivi kwamba gesi hiyo hujaa upesi, wakati waliolala hawajui lolote. Vivyo hivyo jiko la gesi la ndani ni la kupikia, si la kupashia joto chumba, na jenereta isiwashwe chini ya dirisha lililo wazi, liwe lako au la jirani.

Kagua ving'ora vitatu: cha moshi, cha kaboni monoksaidi, na cha gesi ya propeni, ambacho huwekwa karibu na sakafu kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho nyuma au ubavuni, na kubonyeza kitufe kukasikika mlio hakuthibitishi kwamba kihisio bado kinafanya kazi. Kisha waketishe watoto na uwaonyeshe dirisha la dharura, ambalo huwa na komeo jekundu. Kila mwenye nguvu za kutosha alifungue kwa mkono wake mwenyewe mara moja, gari likiwa limeegeshwa uani. Katika RV za zamani komeo hilo mara nyingi limeganda, na ni afadhali lijulikane mchana.

Njia

Pima urefu wa RV kutoka ardhini hadi juu ya kiyoyozi, uandike kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Ramani ya kawaida ya simu haijui kama unaendesha gari dogo au nyumba yenye kimo cha futi 12. Itakupeleka kwenye Merritt Parkway ya Connecticut, au kwenye parkway za New York, barabara za magari madogo zenye madaraja ya kimo cha chini, ambako RV na matrela hayaruhusiwi. Mitungi ya gesi nayo ina mipaka yake: mahandaki mawili ya chini ya maji huko Baltimore hayapokei magari yenye mtungi wa propeni unaozidi pauni 10, nayo mitungi ya RV kwa kawaida ni ya pauni 20 au zaidi, kwa hiyo msafiri wa RV hulazimika kuzunguka kwa barabara ya I-695 upande wa magharibi wa jiji. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8 kati ya Avalanche na Rising Sun. Anayetaka kuiona huacha RV kambini na kupanda gari dogo.

Kuweka nafasi

Kambi nyingi za hifadhi za taifa huwekewa nafasi kupitia tovuti ya Recreation.gov, nyingi zikifunguliwa miezi sita kabla, na wikiendi za Memorial Day, Julai 4 na Labor Day hujaa mapema sana. Usitazame bei peke yake. Tazama urefu wa gari unaoruhusiwa katika eneo husika na kama kuna umeme na maji, kwa sababu kambi nyingi za hifadhi hazina. Yellowstone, kwa mfano, ina kambi moja tu yenye umeme, maji na shimo la maji taka kwa kila gari, nayo ni Fishing Bridge, ambako mahema na matrela yenye kuta za turubai hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu.

Familia yenye mtoto wa darasa la nne ina bahati: serikali humpa mtoto huyo pasi ya bure inayowaingiza wote waliomo ndani ya gari katika hifadhi zinazotoza kiingilio, kuanzia Septemba hadi Agosti inayofuata. Pasi ya kawaida ya mwaka ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Walioko Kentucky wana Mammoth Cave, ambayo haina kiingilio, ingawa ziara za pangoni hulipiwa, na ndani ya pango joto ni nyuzi 12 tu za Selsiasi hata Julai, kwa hiyo sweta za watoto zisibaki nyumbani.

Kufika na kuegesha

Fikeni jua likiwa juu. Kurudisha nyuma trela gizani, watoto wakilia njaa, ni mtihani usio wa lazima. Yeyote aliyewahi kumwona utingo wa lori akimwelekeza dereva wake katika uwanja uliobana anaijua kazi hii: mtu mmoja tu ndiye anayeelekeza, anasimama nyuma upande wa dereva mahali anapoonekana kwenye kioo, na ishara za mikono zimekubaliwa mapema. Dereva akimpoteza kwenye kioo anasimama papo hapo. Mashemeji watatu wanaopiga kelele kutoka pande tatu wapewe kazi ya kuwashika watoto mbali na gari.

Trela likishaingia, lisawazishwe kwanza kushoto na kulia kwa kupandisha magurudumu juu ya vibao, ukitumia pimamaji ya fundi ujenzi iliyowekwa sakafuni. Kisha weka vizuizi vya magurudumu pande zote, ndipo ulifungue kutoka kwenye gari na kulisawazisha mbele na nyuma. Usawa una maana zaidi ya usingizi, kwani friji zinazotumia gesi hazipozi vizuri zikiwa zimeinama na zinaweza kuharibika kabisa. Friji hiyo iwashwe nyumbani siku moja kabla na ijazwe vitu vilivyokwisha poa.

Maharage yachemshwe nyumbani na kugandishwa, samaki wakaangwe nje, na unga ukae kwenye ndoo yenye kifuniko. Kwenye maeneo ya dubu, hakuna sufuria, pipa la taka wala dawa ya meno inayobaki nje usiku. Huko Yellowstone sheria ni kukaa umbali wa yadi 100 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na yadi 25 kutoka kwa wanyama wengine, nyati wa Marekani akiwemo, ambaye watoto humdhania ng'ombe.

Kuni zinunuliwe pale pale mnapokwenda. Kusafirisha kuni kutoka jimbo hadi jimbo hubeba wadudu waharibifu, akiwemo yule mbawakawa wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ambaye tangu hapo ameua miti mingi mno ya aina iitwayo ash kwa Kiingereza, na majimbo mengi yameweka sheria juu ya jambo hili. Saa za ukimya huanza saa nne usiku karibu kila kambi, na simulizi za wajomba zishuke sauti ifikapo hapo.

Kuondoka

Siku ya kuondoka mtu mmoja aizunguke RV yote kabla injini haijawashwa: turubai la kivuli limekunjwa, ngazi imeingia, waya na mipira imefunguliwa, antena imeshuka, makabati na friji vimefungwa kwa komeo, valvu za mitungi ya gesi zimefungwa, vizuizi vimeondolewa. Mara taa za trela zinapojaribiwa, mwingine asimame nyuma ataje kila anayoiona ikiwaka. Mkifika nyumbani, matangi ya taka yawe yamekwisha kumwagwa njiani, tangi la maji safi limwagwe, na mlango wa friji uachwe wazi kidogo kwa kuegemezwa taulo, la sivyo ukungu utaota ndani yake kabla ya mwezi kuisha. Baridi ikikaribia, mabomba yatolewe maji yote na kutiwa ile dawa ya waridi isiyo na sumu ya kuzuia kuganda, kwa kuwa usiku mmoja tu wa barafu unatosha kupasua bomba lililobaki na maji.